Chungu cha Mokami

Jumapili, Machi 6, 1977

Bhoke, umekaa huko ng'ambo ya mpaka hadi mama yako amejifunza kuandika. Ulipoondoka hapa umenuna, mimi nilikuwa bado naweka dole gumba kwenye wino. Sasa naandika jina langu, Nyangi, naandika na lako, na la yule ambaye hutaki hata kusikia jina lake. Kisomo cha watu wazima kimeniumiza macho na kiuno, lakini kimeingia. Mwalimu ametugawia daftari, kasema tuandike kidogo kidogo mkono usije ukasahau. Wenzangu wanaandika baba analima, mama anapika. Mimi nitakusema wewe. Nikiwa na hasira herufi zangu zinanyooka.

Usinitajie mpaka. Najua umefungwa. Stanslaus wa Sirari anapita porini na baiskeli yake, analeta sabuni na mafuta ya taa, na baiskeli ile ni mbovu kuliko magoti yangu. Na kabla mpaka haujafungwa, nani alikuzuia? Ulikasirika kwamba ng'ombe waliokuja kwa ajili yako nimeoa nao msichana. Nilikuzaa wewe peke yako. Nyumba yetu ikikosa mtoto wa kiume, mama mwenye nyumba anaoa mwanamke, na watoto atakaozaa na mwanamume yeyote wanakuwa wa nyumba hiyo. Hiyo ndiyo nyumba ntobhu, hukuianzisha wewe wala mimi. Ulisema nimekubadilisha na mtu mwingine. Nilibadilisha ng'ombe. Wewe sikukubadilisha. Lakini hayo niliyasema umeshageuza mgongo.

Mokami, msichana huyo niliyemwoa, ana mimba. Ni ya tatu, mbili za kwanza zilitoka. Hii imeshika, tumbo linamtangulia mlangoni. Ikitoka na hii, sidhani kama atabaki kwangu, na sitakuwa na mdomo wa kumzuia.

Jumanne, Machi 8

Hujui tunavyokaa sasa. Ulituacha kule juu kila mtu na boma lake. Siku hizi tuko chini, upande wa Gorong'a, nyumba zimepangwa mstari, ukikohoa jirani anakwambia pole. Ng'ombe wote wako zizi moja nje ya kijiji. Alfajiri Nashoni, balozi wetu wa nyumba kumi, anagonga rimu ya gari iliyotundikwa mtini, na kila mwenye mikono anakwenda shamba la kijiji. Ukichelewa, siku ya kugawa unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, unabaki kuangalia wenzako wakibeba.

Mokami hawezi kupika alfajiri. Moshi wa kuwasha moto unamtapisha. Uji wa unga unataka mtu wa kusimama juu yake akikoroga, na uji mwepesi unaisha tumboni kabla hujafika shambani. Kwa hiyo nimerudia chungu cha bibi yako.

Nakuandikia namna yake, maana hukuwahi kukaa jikoni ukamaliza. Mtama mwekundu unauloweka mchana, unautwanga kidogo ganda litoke, unaupepeta, unauanika. Halafu unauparaza kwenye jiwe. Si kusaga. Ni kuvunja tu, punje moja iwe vipande viwili au vitatu. Unga unaotoka unaupepeta ukae kando. Jioni unachemsha na maji mengi mpaka chungu kitetemeke, unafunika, unaziba ukingo kwa udongo, unakifukia kwenye majivu ya kinyesi cha ng'ombe, kile kinachoungua polepole bila ndimi za moto. Mnalala. Hakuna wa kukoroga. Asubuhi unabandua udongo, mtama umevimba, laini lakini bado unatafunika, na wa moto. Unatia chumvi, na maziwa ya mgando yakiwepo. Mtu anakula amekaa kama mtu, anaondoka.

Kinyesi nakibeba mwenyewe kwa tenga kutoka zizini. Mimi niliyekuwa na zizi langu mlangoni, leo naokota mavi ya ng'ombe wa watu wote.

Jumatano, Machi 9

Mvua. Mokami amekula bakuli mbili. Hakutapika. Anakula kama askari, na kama askari hasemi asante.

Jumapili, Machi 13

Mvua. Bakuli mbili.

Alhamisi, Machi 17

Nyumba ya mama yake Nashoni, mstari wa juu, imeungua. Kaa lilirukia nyasi za paa watu wamelala. Walimtoa hai. Amekufa leo mchana. Nimekwenda kulia. Nashoni alikuwa amesimama pembeni na mikono imefungwa vitambaa, hakumpa mtu mkono.

Jumamosi, Machi 19

Juzi nilimlilia mama yake, leo nimemtukana Nashoni mwenyewe.

Alikuja jioni na ndoo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kuomba maji?"

"Nimeyaleta," akasema. "Kuanzia leo kila jiko linazimwa kabla watu hawajalala. Nazima mwenyewe, nyumba hadi nyumba."

"Huu si moto, mura, kijana wangu. Ni majivu. Kuna chungu cha mjamzito humo."

"Hata la mama lilikuwa majivu."

Akamwaga. Chungu kilikuwa cha moto, maji ya mtoni ni baridi. Kililia sauti moja kikapasuka, mtama ukatoka na majivu yakawa matope. Kile chungu alinipa mama yangu nilipoolewa.

Nikamwuliza, "Nyumba hizi nani alizibananisha hivi?"

Akachukua ndoo yake akaenda kwa jirani. Nikamfuata na maneno mpaka kwa jirani, na kwa jirani wa jirani. Mokami akaniambia, "Mama, rudi, unanyeshewa." Ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyowahi kunipa kwa siku moja.

Jumatatu, Machi 21

Mokami amekwenda shambani na tumbo tupu. Nilitaka kumkorogea uji, kuni zimelowa, moshi ukajaa, akakimbilia nje. Mchana wamemrudisha wamemshika mikono. Kwenye kanga kuna damu. Si nyingi. Nimemlaza, nimeweka miguu yake juu ya tenga. Hatuangaliani.

Jumanne, Machi 22

Damu imekatika.

Huyu Abonyo sikuwahi kukutajia. Ni mjane, Mjaluo, nyumba ya kushoto. Tangu tupangwe kwenye mstari huu nampa salamu na yeye ananipa salamu, basi. Nilikuwa nasema ananuka samaki, naye alikuwa ananisikia, maana kuta zetu ni za fito.

Leo kaja na kikapu kikubwa, kile cha matete, mtoto anaweza kulala ndani.

"Min Bhoke, mama wa Bhoke, hodi."

"Sema hapo hapo ulipo."

"Nikisema hapa mstari mzima utasikia shida za nyumba yako."

Akaingia. Hakungoja kiti. Akasema wao kwao, mvuvi akitoka mapema, mkewe anampikia jioni anaweka chungu ndani ya kikapu kilichojaa nyasi kavu. Nyasi zinashindiliwa chini, pembeni na juu, halafu blanketi. Moto unabaki ndani ya chungu wenyewe. Hakuna kaa, hakuna majivu, hata balozi mwenye ndoo kumi hana cha kuzima.

"Uji wenu huo wa nyuka ni wa unga," nikamwambia. "Huu ni mtama wa kuparaza. Hauivi kwa nyasi."

"Umejaribu?"

"Sijajaribu."

"Basi nyamaza ujaribu. Chungu nitakuazima. Hakinuki samaki, nimekisugua mara mbili kwa ajili ya pua yako."

Nilicheka, Bhoke. Sikutaka.

Jumatano, Machi 23

Mtama umetoka vuguvugu na kiini kigumu. Mokami katafuna kama mbuzi. Nikamwita Abonyo aone aibu yake. Akagusa blanketi.

"Ulichungulia."

"Sikuchungulia."

"Mama mzima. Nyasi za juu zimelala upande, umefunua zaidi ya mara moja."

Nilifunua mara mbili. Nilikuwa nataka kujua.

Alhamisi, Machi 24

Nimechemsha mpaka kifuniko kimecheza, nikafukia, nikakaa mbali na kikapu kama mtu anayemkimbia mdai. Leo umeiva. Bakuli mbili.

Jumamosi, Machi 26

Mvua ya mawe. Bakuli mbili na ukoko.

Ijumaa, Aprili 1

Nashoni kapita kukagua majiko. Akaona kikapu, akaweka kiganja kwenye majivu, baridi. Akaweka kiganja kwenye blanketi, moto. Akarudisha kwenye majivu.

"Hii ni nini, mama?"

"Kinachoitwa akili."

Akainama pale akasema taratibu, "Mama yangu angekuwa nacho hiki." Akatoka. Nilikuwa nimeandaa tusi jingine, likabaki mdomoni.

Jumapili, Aprili 10

Pasaka. Padri hakufika, mto umejaa. Tumesali wenyewe, tumeimba vibaya.

Alhamisi, Aprili 14

Nimekuwa nikisema Mokami hana shukrani. Leo nimeona kitu. Jioni nikipima mtama, konzi zetu mbili, yake na yangu, yeye anachota konzi moja ya ziada anatia chunguni nikigeuka. Nikafikiri ni ulafi. Nikamshika mkono.

"Hii ya nani?"

Akaangalia chini. "Ya wifi."

"Wifi gani?"

"Bhoke. Ulisema akikasirika hasemi anakuja lini. Anaweza kufika asubuhi yoyote akakuta hakuna kitu."

Niliachia mkono wake. Huyu mtoto hujawahi kumpa hata salamu. Konzi ya mgeni anaitia tangu mwezi uliopita, na ikifika saa nne hujatokea, mimi ndiye ninayeila nikidhani ni masalia.

Jumatatu, Aprili 18

Mashavu yake yamejaa. Mtoto anacheza, niliweka mkono. Anapiga teke kama wewe.

Jumapili, Aprili 24

Stanslaus kaleta habari kwamba umejifungua mtoto wa kiume. Mama yako anaambiwa na muuza sabuni. Nilimwuliza mtoto anafanana na nani, akasema yeye hakuangalia, alikuwa anapima mafuta.

Jioni Mokami kachota konzi mbili za ziada. "Sasa wako wawili," akasema. "Mwenye kunyonyesha anakula sana."

Nikamwambia huyo Bhoke hastahili hata moja. Akatabasamu. Nilikuwa sijui kuwa ana mwanya.

Ijumaa, Aprili 29

Nimemwita Regina, mkunga, yule aliyezalisha nusu ya mstari huu. Kamlaza Mokami, kampapasa, kakunja uso.

"Unamlisha nini?"

"Mtama."

"Mtoto ni mkubwa. Unamnenepesha tumboni halafu atapita wapi? Msichana mwenyewe nyonga za mvulana. Punguza, Nyangi. Kikombe kimoja asubuhi mpaka azae. Atakula baadaye."

Abonyo alikuwa mlangoni anachambua mboga. Akasema, "Na atasukuma kwa nguvu ya nani, yako?"

"Mimi nimeingia nyumba ngapi zenye uzazi? Wewe umeingia ngapi?"

"Nimezaa mara sita, nikila."

Waligombana mpaka nikawatoa wote wawili. Nimekaa nafikiri. Mama yangu alinifanyia hivyo hivyo nilipokuwa na wewe. Nilinyimwa, nililia, na wewe ulipita. Kwetu kila mwanamke kanyimwa mwisho mwisho. Na mimba mbili za huyu zilishatoka. Sitaki kumpoteza mtoto mlangoni baada ya kumfikisha mbali hivi.

Jumatatu, Mei 2

Kikombe kimoja. Ameangalia kikombe, ameniangalia mimi, amekula. Rimu imelia, ameondoka.

Alhamisi, Mei 5

Kikombe kimoja. Mvua tangu usiku.

Jumatatu, Mei 9

Kikombe kimoja. Nilikwenda kwa Nashoni kumwambia Mokami wangu apumzishwe palizi. Akasema halmashauri imetaka kila mtu mpaka mwezi wake ufike, yeye peke yake hawezi kubadilisha. Nikamwambia aliweza kuvunja chungu peke yake. Akasema, "Aje aonekane tu. Atakaa chini ya kibanda cha zana, ashone magunia. Akiulizwa, ni mimi niliyemtuma."

Jumamosi, Mei 14

Kikombe kimoja. Abonyo haniongeleshi. Anapitisha chumvi ukutani tu.

Jumanne, Mei 17

Kikombe kimoja. Nilimwambia Mokami, ukiona njaa inakushinda sema. Akasema haijamshinda.

Jioni bado anachota konzi mbili zako. Asubuhi namwangalia anavyokifunua chungu, anajichotea kikombe chake, anafunika. Zako ziko pale, zinafuka mvuke. Hazigusi. Mtu mwenye njaa yuko peke yake na chungu na hakigusi, kwa sababu ni cha mtu mwingine. Na mimi nikija kukaa saa nne nakula za mgeni.

Leo sikuzila. Nimempelekea Abonyo. Akapokea bakuli, akaniangalia sana, akasema, "Unanipa mimi, si yeye." Nikaondoka.

Ijumaa, Mei 20

Kikombe kimoja na nusu. Usimwambie Regina.

Jumatano, Mei 25

Miguu yake imevimba. Mto umepanda mpaka kwenye mawe ya kufulia. Kikombe kimoja na nusu.

Jumanne, Mei 31

Sasa naandika. Nilikuwa siwezi.

Uchungu ulimshika Alhamisi, rimu ikiwa inalia. Regina alikuja, akasema ni mapema, mtembeze. Tukamtembeza ndani ya nyumba, ukuta hadi ukuta, mvua nje. Mchana wote alitembea. Jioni alikaa. Ijumaa asubuhi Regina akamwambia asukume, akasukuma, kisha akaniangalia akasema, "Mama, sina nguvu." Alisema kama mtu anayekiri kosa la kuvunja kikombe.

Nilifungua kikapu. Nilichota konzi zako zote mbili, Bhoke, nikamlisha kwa kijiko. Regina akaanza kusema kitu, nikamwambia akifungua mdomo nitampiga na mwiko. Mokami akala vijiko vichache, akameza kwa shida, halafu tumbo likakataa, vikarudi vyote.

Abonyo ndiye aliyetoka mvuani kwenda kumwita Nashoni. Nilidhani atauliza kibali. Alikuja anakimbia na wanaume na miti miwili. Wakaniomba blanketi, nikatoa lile la kikapu, wakafunga machela. Zahanati iko ng'ambo ya mto. Njia yote Nashoni alikuwa mbele, yeye na mikono yake yenye makovu mapya, akisema, "Polepole hapa, jiwe. Polepole, mti." Mokami alinishika kidole. Alikuwa ananiuliza kama nimefunika chungu.

Kwenye mto maji yalikuwa kifuani. Walisimama wakishauriana wapi pa kuvukia, na pale pale, chini kwenye majani, mtoto akatoka. Wa kike. Mkubwa, kweli, Regina hakukosea. Alilia mara moja.

Damu ikafuata, haikukatika. Regina alifanya yote anayoyajua, nilimwona, mikono yake yote ilikuwa humo. Nashoni akasema tuvuke hivyo hivyo. Wakaiinua machela juu ya vichwa vyao wakaingia majini. Mimi nilibaki na mtoto ndani ya kanga yangu. Niliwaona wakifika katikati. Nilimwona Nashoni akigeuka kumwangalia usoni. Halafu wakasimama pale katikati ya maji, hawaendi mbele. Baadaye kidogo wakageuka, wakaanza kurudi.

Regina anasema ni damu, si njaa, hata aliyeshiba ingemchukua. Abonyo analala kwangu siku hizi, ananisaidia na mtoto. Mimi ndiye niliyekuwa na kikombe mkononi. Hilo naliandika hapa mara moja, silirudii, na wewe usilirudie mbele yangu.

Tumemzika Mokami nyuma ya nyumba, panapotazama zizi langu la zamani kule juu. Wazee wa ukoo wamekuja, wamemwangalia mtoto, wakasema wa kike, nyumba bado iko pale pale. Nikawaambia waende wakaseme hivyo kwao.

Ijumaa, Juni 3

Mtoto anaitwa Mokami.

Kuna mama mmoja mstari wa chini alimnyonyesha mara mbili. Mumewe kamkataza, anaogopa mtoto aliyemzika mama yake siku aliyozaliwa. Wengine hawana maziwa, nao wanakula yanga mara moja kwa siku. Sikuwatukana. Nimechoka.

Jumatatu, Juni 6

Asubuhi nimesikia kwato mlangoni. Nashoni, na ng'ombe wake mwenye maziwa.

"Mura, ng'ombe haruhusiwi kuingia kwenye mstari."

"Najua. Ni mimi niliyewasomea watu hiyo amri."

"Wakikuuliza?"

"Nitawaambia amepotea njia. Atapotea kila siku asubuhi na jioni."

Alikamua mwenyewe. Vidole havikunji vizuri tangu ule moto, alikuwa anauma mdomo. Nikamwuliza mbona hakuwahi kusema kwamba mikono inauma hivyo. Akasema hakuna aliyemwuliza, watu walikuwa wanamtukana. Akaangalia kikapu, akacheka kidogo. Nami nilicheka.

Jumatano, Juni 8

Maziwa ya ng'ombe yanamkataa mtoto. Anatapika, tumbo linajaa hewa. Abonyo kafanya hivi: anachukua maji ya juu ya chungu, yale mazito kidogo ya mtama uliolala ndani ya kikapu, anayachuja kwa kitambaa, anachanganya na maziwa kidogo, anampa kwa ncha ya kidole. Hayo yanabaki. Lakini hayo ni ya kumshikilia tu. Amepungua. Ngozi ya mapaja imeanza kukunjana. Alizaliwa mkubwa, na sasa anarudi nyuma.

Ijumaa, Juni 10

Yuko hai. Kilio chake kimekuwa chembamba.

Jumapili, Juni 12

Mvua imekatika. Mtama shambani umetoa masuke, ndege wameanza.

Sitakuandikia kwamba marehemu alikuwa mtu mwema, umesoma mwenyewe. Kila jioni alikuwa anakupikia, na hukuja. Mimi naendelea. Jana Abonyo kaniona napima, konzi yangu, konzi yake, halafu konzi mbili. Akauliza kama nimesahau kwamba tumebaki wawili. Nikamwambia sijasahau. Asubuhi hatuzigusi mpaka jua lipite mlango.

Wewe una mtoto wa miezi miwili na maziwa kifuani. Sikuombi unipende wala unisamehe ng'ombe. Kuna mtoto wa nyumba hii, jina lake Mokami, anahitaji titi sasa, si siku mpaka utakapofunguliwa. Stanslaus yuko mlangoni ananihimiza, daftari hili litakaa chini ya sabuni. Kasema akiondoka leo, kesho kutwa limekufikia.

Ukija, pita njia ya mawe, usipite barabarani, kuna askari. Mwanao mbebe mgongoni, usimwache huko kwa mama mkwe. Watu wakikusalimia njiani, itikia uendelee. Nyumba ni ya tatu kutoka kwenye rimu, ile yenye ng'ombe aliyepotea njia. Usipige hodi, ingia. Utasikia mtoto analia, usimshike, titi la mtu aliyetembea na njaa halina kitu. Kikapu kiko kushoto kwako. Toa blanketi, toa nyasi za juu, funua chungu. Konzi zako mbili ziko humo, za moto. Kaa chini uzimalize zote. Halafu nyoosha mikono nikupe mtoto.